Kupandisha famuwea ya swichi: pima betri kwanza

Ndugu yangu wa Mbarara, umeuliza kama famuwea (programu ya ndani) ya swichi ya mtandao na kadi zake zote inaweza kupandishwa usiku mmoja. Inawezekana, ila soma kwanza maelezo ya toleo. Mara nyingine lazima upitie toleo la kati kabla ya kufika toleo jipya. Hifadhi usanidi (mipangilio) nje ya swichi, hakiki faili kwa SHA-256, yaani alama ya kuthibitisha kuwa faili halijaharibika, na kebo ya konsoli, ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja na swichi, iwe mkononi. Anza na kadi kuu ya akiba, ile inayosubiri kuongoza swichi, kisha uihamishie kazi.

Ninapokuhofia ni kwenye kadi za laini, zile zenye milango ya kebo za mtandao. Umeme ukikatika wakati famuwea inaandikwa kwenye chipu yake, kadi inaweza kufa kabisa. Pandisha moja moja. Betri ya UPS, inayoshikilia umeme ukikatika, ikiwa dhaifu, tafadhali ahirisha, hata bosi akikuhimiza.