Cheti cha utalii endelevu: kikundi kidogo kianzie wapi?

SWALI: Mhariri, sisi ni akina mama 12 wa Kigamboni tunaowapikia wageni na kuwatembeza ufukweni. Wakala mmoja wa safari anatudai cheti cha utalii endelevu, nayo ada tuliyotajiwa inazidi mapato yetu ya msimu mzima. Je, tukope?

JIBU: Ndugu zangu, msikope. Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu, ambalo vigezo vyake vya kwanza vilitolewa mwaka 2008, halitoi cheti kwa biashara yoyote; huweka vigezo na kuidhinisha taasisi zinazokagua biashara na kutoa cheti, kwa hiyo anayedai kuwauzia cheti cha Baraza lenyewe anawapotosha. Vigezo hivyo husomwa bila malipo, na hugusa uendeshaji wa biashara, manufaa kwa wenyeji, utamaduni na mazingira.

Mkaguzi hutaka ushahidi, na hapa ndipo vikundi vyenye mwenendo mzuri hukwama, kwa kuwa mema yao hayakuandikwa. Fungueni daftari leo: nani alilipwa kiasi gani, samaki na nazi zilinunuliwa kwa nani, taka zilipelekwa wapi, mgeni alilalamikia nini na mkafanya nini. Kwangu mimi, daftari hilo lina thamani kuliko cheti cha haraka.

Cheti ni hiari. Leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 si hiari kwa shughuli zinazohusika, basi ulizieni hiyo kwanza.

Kisha mwombeni wakala achangie ada, au ungeni na vikundi jirani mgawane nauli ya mkaguzi.