Simu inasikika vizuri, mbona faksi inakataa?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Faksi yetu haikuwa na tatizo lolote mpaka mwezi uliopita, ofisi ilipohamishiwa simu kwenye faiba. Siku hizi ukurasa mmoja hupita, lakini fomu za kurasa tano hukatika katikati na skrini huandika COMM. ERROR. Ukitoa nakala, inatoka safi. Simu tunapiga na kupokea bila shida, kwa hiyo laini ni nzima. Fundi tuliyemwita amesema bodi imeungua na anataka Sh18,000 aibadilishe. Mwingine anasema ataichukua akaiflash, yaani aiwekee upya programu ya ndani. Tumfuate yupi? – Mhazili, ofisi ya wakala wa bima, Upper Hill, Nairobi.

JIBU: Msimlipe hata mmoja. Dada yangu, mashine inayotoa nakala safi na kutuma ukurasa mmoja ukafika ina skana nzima na modemu nzima, ile sehemu inayogeuza ukurasa kuwa milio ya simu. Bodi iliyoungua haichagui kurasa. Haitumi wa kwanza kisha ikagoma wa tatu.

Ila kilichonikalisha chini nikujibu ni sentensi yako moja: tunapiga na kupokea bila shida, kwa hiyo laini ni nzima. Naisikia kila mara, kwa mawakili wa Westlands, kwa wenye maghala Industrial Area, kwa kampuni za kutoa mizigo. Hiyo ndiyo inayowalisha matapeli wa mji huu. Mteja akishaamini kwamba laini ni nzima, wa kulaumiwa anabaki mashine. Mashine ina bodi, na bodi ina bei.

Laini inayotosha kwa mazungumzo si lazima itoshe kwa faksi. Makanga akiita abiria huku honi zikimeza nusu ya neno, wewe bado utajua anaita Kawangware, kwa sababu ubongo umejaza pengo lenyewe. Modemu ya faksi haina cha kujazia. Yenyewe huugeuza ukurasa wa A4 kuwa mistari zaidi ya 1,100, kila mstari nukta 1,728, kisha huituma yote kwa milio. Taratibu hizo zilipitishwa mwaka 1980, wakati simu ilikuwa jozi ya nyaya za shaba kutoka ofisini hadi kituo cha simu. Mlio uliingia ulivyo, ukafika ulivyo.

Kwenye faiba mlio hukatwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20, vikasafirishwa kama data nyingine yoyote na kuungwa tena mbele ya safari. Kipande kikipotea, sikio halina habari. Modemu inayo. Tena saa iliyo ndani ya adapta yenu, kile kisanduku kinachounganisha simu na faiba, na saa ya upande wa pili haziendi sawasawa kabisa, na tofauti hiyo hujikusanya kidogo kidogo mpaka adapta iruke kipande au ikirudie. Simu fupi humalizika kabla ya kuteleza. Ndefu huteleza. Hiyo ndiyo siri ya ukurasa mmoja kupita na fomu ya kurasa tano kufia njiani, na ndiyo sababu dalili uliyoieleza inaelekeza kidole kwenye laini kabla ya kitu kingine.

Kisha kuna suala la kubana sauti. Kodeki, yaani kanuni ya kugeuza sauti kuwa data, iitwayo G.729 huibana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde, na iliundwa kwa kufuata namna koo la binadamu linavyotoa sauti. Maneno yanapita bila taabu. Milio ya faksi hutoka upande wa pili imepondekapondeka. Inayofaa ni G.711, kilobiti 64, na bora kuliko zote ni utaratibu wa T.38, ambao huitambua faksi kuwa ni faksi na kuisafirisha hivyo, badala ya kuilazimisha ijifanye sauti ya mtu.

Sasa la kufanya. Ingieni kwenye menyu ya mashine mpunguze kasi ya kutuma hadi biti 9,600 kwa sekunde. Bila shaka sasa iko kwenye 14,400 au 33,600. Zimeni pia ECM, ule utaratibu wa kuomba upya kila sehemu iliyofika na kasoro. Kwenye laini ya faiba iliyopangwa vibaya huomba na kuomba mpaka simu ikatike. Mashine nyingi za Brother zimeweka hayo mawili mahali pamoja, kwenye Compatibility, chagueni Basic. Lakini jueni kwamba ECM ikizimwa, ukurasa unaweza kufika ukiwa na mistari iliyoharibika na mashine ikaripoti kwamba yote ni sawa. Kwa ofisi ya bima, mstari uliomezwa unaweza kuwa ndio wenye kiasi cha dai. Fomu yenye hesabu itumeni, kisha mpige simu msomewe tarakimu.

Hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Anayetakiwa kutibu ni mtoa huduma wenu. Muulizeni kama T.38 imewashwa kwenye adapta na kwenye mitambo yake. Kama hana, namba ya faksi itumie G.711 peke yake, na ule ujanja wa kutotuma kitu mtu anaponyamaza uzimwe. Mkijibiwa na huduma kwa wateja kwamba laini imepimwa kwa kupigiwa simu na iko sawa, ombeni mpelekwe idara ya ufundi. Huyo anayewajibu anaamini lile lile mnaloamini ninyi. Faksi nayo ichomekwe moja kwa moja kwenye adapta. Kama mna swichibodi, msiichomeke kwenye soketi ya dijitali. Soketi hizo hufanana na za simu ya kawaida, ila faksi haifanyi kazi hapo na inaweza hata kudhurika.

Sisemi bodi haziungui. Kwa walio bado kwenye waya wa shaba, radi za masika huingia kupitia laini ya simu yenyewe, na kuna ofisi zilizokinga soketi ya umeme zikausahau waya huo. Lakini kuungua kuna dalili yake. Chomoa faksi, chomeka simu ya kawaida ya mezani kwenye kebo ile ile, usikie mlio wa laini. Rudisha faksi: kimya, haipigi kabisa. Hapo nitazungumza habari ya bodi. Jaribio hilo halimalizi dakika tano, na fundi anayetaja bei kabla ya kulifanya hajapima kitu. Amekadiria mfuko wenu.

Huyo wa kuflash simwelewi kabisa. Programu ya ndani ya faksi haijui kwamba mmehamia faiba. Atafuta mipangilio, namba zenu zilizohifadhiwa zipotee, kisha ajaribu kwa kutuma ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja utapita, ulikuwa ukipita tangu mwanzo, naye ataondoka na pesa zenu mchana kweupe. Fundi yeyote akiwarudishia faksi, mpeni fomu ya kurasa tano aitume mbele yenu.

Na hapa nawaambia wote wenye faksi, si wewe peke yako: mashine ikibebwa kwenda kulala kwa fundi, inabeba na siri za wateja. Zile zinazochapa kwa roli ya filamu huacha alama ya kila ukurasa kwenye filamu iliyotumika. Ikunjue uiangalie kwenye mwanga, utasoma ripoti ya daktari na namba za vitambulisho kama ulivyozipokea. Nimeona roli hizo zimetupwa nzima nzima kwenye mapipa ya ngazini. Zikatwekatwe au zichomwe. Za leza nazo huweza kushikilia kurasa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo futeni kabla ya kuitoa mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 itawauliza ninyi mliozipokea, hata kama aliyezisoma ni kijana wa karakana.

Pia pale ofisini hakosekani mtu wa kupendekeza tovuti ya faksi ya bure: pakia fomu, andika namba, bonyeza. Mnampakilia nani? Seva iko wapi? Nakala inafutwa lini? Mwenye tovuti halipwi na ninyi, basi jiulizeni analipwa na nini. Kama kweli mnataka kuachana na mashine, ziko huduma za kulipia zinazogeuza faksi kuwa barua pepe. Someni mkataba uone nani anahifadhi nakala na kwa muda gani. Na kabla ya kukata laini, muulizeni mtoa huduma kwa maandishi kama namba yenu ya 020 inaweza kuhamia huko, kwa maana ndiyo iliyochapishwa kwenye fomu zote mlizokwisha kuwapa wateja.