Maswali na majibu: AI haijui bei ya soko la Kongowea

Tangu tugusie hapa habari ya kuitumia AI (akili bandia) kupanga chakula cha nyumbani, maswali hayajakatika. Zaidi ya nusu ni swali moja linalorudiwa. Nalijibu kwanza, kwa urefu, na sitalirudia tena.

Shikamoo mama. Niliiandikia ChatGPT "nipangie chakula cha wiki cha bei nafuu" ikaniletea brokoli na samaki wa salmoni. Nimekosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Kisauni)

Marahaba mwanangu. Hukuitajia mji, idadi ya watu wala pesa uliyo nayo. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na sehemu kubwa ni ya Kiingereza, ya watu wa Ulaya na Marekani. Usipoiambia uko wapi, itakupangia chakula cha huko.

Kabla hujagusa simu, shika karatasi. Andika mnakula wangapi na umri wa watoto. Andika pesa ya chakula kwa siku, hasa kama nyumba yenu inaendeshwa na kibarua cha siku, kwa sababu mpango wa mwezi hauna maana kwa mtu anayelipwa kila jioni. Andika bei ulizolipa wewe mwenyewe wiki hii, kwa kipimo ulichonunulia: kibaba cha mchele, fungu la nyanya, pakiti ya unga ya kilo 2, mafuta ya kupima, nazi moja. Fungu lieleze lina nyanya ngapi, maana AI hupenda gramu na wewe hununui kwa gramu. Andika unapikia makaa au gesi, una friji au huna, na kabatini mna nini tayari. Kisha uandike hivi, kwa Kiswahili hiki hiki:

"Niko Mombasa. Tuko watu wazima 2 na watoto 4, wa miaka 3, 6, 9 na 13. Pesa ya siku ni kadha, na humo ndani mna chakula, makaa na maji. Sina friji. Bei nilizolipa wiki hii ni hizi. Nyumbani tayari nina hivi. Nipangie chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha usiku kwa siku 7. Tumia bei zangu peke yake, usibuni bei. Nionyeshe hesabu ya kila siku, kitu kimoja kimoja. Ikiwa pesa haitoshi, sema haitoshi, na uniambie inapungua kiasi gani."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu wote huiacha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. AI hupenda kumridhisha anayeuliza. Ukiipa pesa ndogo bila kuiruhusu ikatae, itapunguza chakula kimyakimya mpaka hesabu ikae sawa, na utaona mpango mzuri ambao mtoto wa miaka 13 amegawiwa robo sahani.

Na jumla irudie mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Hukosea kujumlisha, na inapokosea huandika kwa uhakika ule ule wa siku inapopatia.

AI gani ni nzuri kwa kazi hii, ChatGPT, Gemini au ile iliyo ndani ya WhatsApp?

Iliyoko kwenye simu yako bila malipo. Ukiwa huna bei za sokoni, hakuna hata moja itakayokufaa.

Mimi ndiye ninayetoa pesa ya matumizi. AI imenipangia chakula cha watu sita kwa shilingi 300 kwa siku, lakini mke wangu ashikilia haiwezekani. Nimwonyesheje kwamba inawezekana? (Baba, Changamwe)

Usimwonyeshe. Mkeo ndiye mwenye haki.

Kaka, fanya hesabu pamoja nami. Shilingi 300 kwa watu 6 ni 50 kwa kila mtu. Zigawanye kwa milo 3, unabaki na shilingi 16 na senti. Hizo 16 ndizo za chai, sukari, kitafunio au wali, na kitoweo chake. Sasa utazame tena mpango wako. Umo unga, zimo sukuma, yamo maharagwe. Je, mafuta yamo? Kitunguu, chumvi, nazi, makaa ya kuivisha hayo maharagwe? Maji ya mtungi siku mifereji ikikauka? Nakuhakikishia hayamo, kwa sababu hukuyataja, na hukuyataja kwa sababu hujawahi kuyanunua.

Wewe uliiambia 300, nayo ikakutii. Hiyo siyo hoja ya kumpelekea mtu ambaye amekuwa akiilisha nyumba kwa pesa hizo hizo na kukopa dukani bila kukuambia. Barua za namna hii zimezidi sasa, na zinanihuzunisha, kwa kuwa kifaa kilichoweza kumpunguzia mwanamke mzigo kinageuzwa shahidi wa kumkana. Mpe yeye simu. Yeye ndiye ajuaye bei. Muandike maombi pamoja, ile sentensi ya "sema haitoshi" iwemo, na jibu likitoka mjiulize nyote wawili swali moja tu: nyongeza itatoka wapi? Huenda ikatoka kwenye sigara, kwenye miraa ya Ijumaa, au kwenye bando la mpira. Huenda haipo kabisa, na hilo nalo ni jambo la watu wawili kulibeba.

Imenipangia samaki mara tatu kwa wiki na mimi nimeshindwa na bei yake. (Msomaji, Likoni)

Iliambiwa huu ni msimu gani? Upepo wa kusi ukivuma, tangu Aprili mpaka kuelekea Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki sana. Samaki hupungua na bei hupanda. Mswahili yeyote wa pwani ajua hivyo. AI haina dirisha la kuchungulia bahari, basi iandikie: "Ni msimu wa kusi, samaki wabichi ni ghali, nipe badala yake." Itakupa dagaa, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), mayai, mbaazi, pojo (ndengu) na kunde. Ng'onda mroweke umwage maji, hasa kama kuna mwenye presha nyumbani, maana chumvi yake ni nyingi.

Na hapa niseme jambo hukuuliza. Msione haya kula mbaazi na maharagwe siku tano mfululizo. Wali au sima pamoja na jamii ya kunde hukamilishana katika kujenga mwili, kimoja kikiziba pengo la mwenzake. Kamulia ndimu juu ya mchicha, mwili upate kuyapokea vizuri madini ya chuma. Chai ya rangi iacheni mpaka chakula kishuke kidogo, kwa kuwa hukizuia kile kile chuma, na wanaoumia zaidi ni wasichana na wajawazito. Mpango wowote wa AI unaoweka chai pamoja na mchicha urekebishe mwenyewe.

AI imenifundisha kuokoa makaa: nitie maharagwe mekundu mabichi kwenye chupa ya chai na maji ya moto, nifunge usiku kucha. Ni kweli yataiva?

Usifanye hivyo. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa kwelikweli, maji yakitokota, si chini ya dakika 10. Joto la chini haliiondoi na laweza kuizidisha. Punje chache tu zamtosha mtu kutapika na kuhara.

Njia salama ya kuokoa makaa ni ya zamani: roweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mapya, chemsha kwa moto mkali zile dakika 10, kisha ndipo upunguze moto. Ukiwa na haraka, pika pojo. Huiva upesi bila kurowekwa. Na AI ikikupa njia yoyote mpya ya kupika inayohusu maharagwe, muhogo mchungu, nyama au maziwa, uliza mpishi mzee kabla hujawapa watoto.

AI yasema pesa zitaokoka nikinunua unga na mchele kwa gunia, na nikipika Jumapili chakula cha wiki nzima. Waonaje? (Mpangaji wa chumba kimoja, Bombolulu)

Hayo ni mashauri ya mtu mwenye stoo kavu na friji kubwa. Wewe una chumba kimoja katika mji wenye unyevu mwaka mzima.

Mahindi na unga vikipata unyevu hushika ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani na haiondoki kwa kupika sima. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huku Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo unga unaonuka uvundo haupepetwi, hauanikwi juani ukapikwa, na kuku hawapewi. Unatupwa, hata kama ni wa mwisho.

Wali nao ukilala nje katika joto letu huzaa vijidudu, na baadhi yao huacha sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Wali wa nazi ndio mbaya zaidi kwa kuwa tui huchacha haraka. Najua kiporo cha asubuhi na chai kina wapenzi wake. Kwa asiye na friji, nasema pika cha kuisha.

Kununua kwa wingi kuna faida mkishirikiana. Majirani wanne mkichanga, mmoja akaenda Kongowea alfajiri akaleta viazi na vitunguu, mkagawana siku hiyo hiyo, nauli inakuwa ya mtu mmoja na hakuna kinachooza. Hesabu ya kugawana hiyo ndiyo AI huifanya vizuri sana. Ipe jina la kila jirani na alichochanga.

Mamangu ana sukari na presha. Naomba maneno ya kuiandikia AI impangie chakula.

Maneno hayo sitakupa. Mpeleke kliniki anakotibiwa, muulizeni mtaalamu wa lishe ale nini na kiasi gani pamoja na dawa anazotumia. Mkirudi na maagizo yake, hapo ndipo unaweza kuiambia AI: "Haya ndiyo maagizo ya kliniki, usiyabadilishe, nisaidie kuyapanga kwa wiki kwa bei hizi." Na ikikuambia apunguze dawa kwa sababu chakula kimekuwa kizuri, ifunge hapo hapo.

Mtoto wangu ana miezi minne, AI imenipa uji wa asali.

Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na asali hapana kabisa kabla ya kutimiza mwaka. Ukiwa na shaka nenda kliniki ya watoto, si kwenye simu.

Naweza kuipa taarifa yangu ya M-Pesa ya mwezi ione pesa zinapotelea wapi?

Taarifa ile ina majina na namba za watu waliokutumia na uliowatumia, ambao hawakukupa ruhusa. Andika jumla peke yake: chakula kiasi hiki, nauli kiasi hiki, madeni kiasi hiki. PIN na namba ya kitambulisho usiandike popote, hata ukiombwa kwa adabu.

Ramadhani ikifika matumizi hupanda maradufu, na ndiyo saumu! AI yaweza kutusaidia? (Bi wa Mji wa Kale)

Yaweza, ukikubali kuiambia ukweli wa meza yenu. Orodhesha futari yote ya siku moja kama ilivyo: kaimati, viazi karai, bajia, tambi, mbaazi, mahamri, uji, sharubati, na wali wa usiku. Iombe ikutajie mafuta na sukari vimekwenda kiasi gani kwa bei yako, kisha izidishe kwa siku 30. Wengi watashtuka, kwa sababu mafuta ya kukaangia hununuliwa kidogo kidogo na hayakumbukwi.

Kisha iagize hivi: "Kila siku kitu kimoja cha kukaanga, kitu kimoja kitamu, kitoweo kimoja, tunda moja la msimu. Daku iwe na kitu cha kushibisha mpaka jioni." Muhogo wa nazi wala haujutiwi. Sahani ya kupeleka kwa jirani iwekeni ndani ya hesabu tangu mwanzo, maana AI haijui kwamba hiyo haipunguzwi, na mkiiachia itakuwa ya kwanza kufutwa.