Siku ya 36, kipimo hasi, hedhi hakuna: hesabu upya kabla hujalaumu dawa

Ujumbe ulioingia wiki hii ni wa dada aliyemeza klomifeni, dawa ya kusaidia yai kutoka, miligramu 50, kuanzia siku ya 3 ya hedhi hadi ya 7. Mzunguko wake huwa wa siku 28 au 29. Sasa yuko siku ya 36, kipimo cha mkojo kinatoa mstari mmoja, kiuno kinauma kama hedhi inakuja, na haiji. Anauliza kama dawa imemharibu. Haijamharibu. Anahesabu kuanzia mahali pasipofaa, na hilo nitalirudia hadi mnichoke.

Mzunguko una vipande viwili. Kile cha kutoka hedhi hadi yai kutoka ndicho kinachorefuka na kufupika. Kile cha kutoka yai hadi hedhi inayofuata, kwa wengi ni siku 12 hadi 14, na hakichezi sana. Dawa inaingilia kipande cha kwanza. Klomifeni inaufanya ubongo udhani estrojeni imepungua, ubongo unaongeza homoni inayosukuma ovari, na folikali, kifuko chenye yai, inakua. Kwa kawaida yai hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho, yaani aliyemaliza siku ya 7 alitarajie kati ya siku ya 12 na ya 17. Wapo ambao folikali zao zinakua taratibu, hasa wenye PCOS, tatizo la homoni linalofanya yai litoke kwa nadra au lisitoke. Yai likitoka siku ya 22, hedhi inakuja siku ya 34 hadi 36, na hata ya 38 inawezekana. Programu ya simu inayokuandikia kwamba umechelewa siku 7 haijui kama umemeza dawa. Inakupigia hesabu ya miezi iliyopita.

Kwa hiyo tafuta siku ya yai. Wengi hutumia vijiti vya kupima LH, homoni inayopanda kabla yai halijatoka, na wengi huvianza mapema. Klomifeni yenyewe inapandisha LH, kwa hiyo ukipima ukiwa bado unameza vidonge, au siku moja mbili baada ya kumaliza, utaona mistari miwili ya uongo na kuzimaliza nguvu zenu bure. Subiri angalau siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Pima mchana au jioni, saa ileile kila siku, na usinywe maji mengi kwa saa 2 kabla, maana mkojo mwepesi unafifisha mstari. Mstari wa kipimo lazima ulingane na ule wa pembeni wa kulinganishia, au uuzidi kwa ukoleo. Ulio hafifu ni hasi, hata ukiuinamishia dirishani. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kijiti kilichokaa mezani hadi usiku hakisemi chochote. Mwenye PCOS anaweza kuwa na LH iliyo juu siku zote, vijiti vikamwambia ndiyo kila asubuhi, na huyo altrasaundi inamfaa zaidi.

Baada ya kijiti chanya, yai hutoka ndani ya siku moja au mbili. Andika tarehe hiyo kwenye daftari na kuanzia hapo hesabu 14. Kama hukupima, msikae mnakisia: kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine, kuanzia siku 5 baada ya kidonge cha mwisho, kwa muda wa wiki moja na zaidi kidogo.

Ule uchunguzi wa damu wa «siku ya 21», wa projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, nao unawapotosha watu. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Maana yake halisi ni siku 7 baada ya yai kutoka, kwa hiyo aliyetoa yai siku ya 20 apimwe siku ya 27. Ukipimwa mapema, namba itakuwa chini, utaambiwa yai halikutoka, na dozi itapandishwa bila sababu. Uliza siku hiyo imepatikanaje kabla hujatoa mkono.

Na aliyefika siku ya 36 bila tarehe yoyote daftarini? Apime mkojo wa asubuhi, arudie baada ya wiki. Ikiwa bado hasi na damu hakuna, daktari atataka kipimo cha damu cha ujauzito, projesteroni na altrasaundi. Akithibitisha hakuna mimba, anaweza kukupa dawa ya kushusha hedhi, mara nyingi medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku 5 hadi 10, na damu huja ndani ya wiki moja baada ya kumaliza. Usianze vidonge vya mzunguko mpya kwa kudhani tu.

Hedhi yenyewe nayo hubadilika. Klomifeni inazuia estrojeni hata kwenye mji wa mimba, kwa hiyo utando unaweza kuwa mwembamba, damu ikawa kidogo, na ute wa uzazi ukapungua. Inakaa mwilini muda mrefu kuliko letrozoli, dawa nyingine ya kusaidia yai kutoka, ambayo haina tabia hiyo ya kukausha. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2018, na ule wa 2023, unaitanguliza letrozoli kwa wasiotoa yai. Kama hedhi yako imekuwa ya siku moja na nusu, sema, hata kama hujaulizwa.

Siku ya 1 ni ile ya damu nyekundu inayohitaji pedi. Matone ya kahawia hayahesabiwi.

Sindano ya hCG, homoni inayochomwa ili yai litoke, ina mtego wake. Yai hutoka yapata saa 36 baadaye, hapo tarehe unayo. Lakini homoni hiyo ndiyo ileile inayosomwa na kipimo cha ujauzito, na hubaki hadi siku 14. Mstari wa siku ya 6 baada ya kuchomwa ni wa sindano. Anayepima kila asubuhi kuuona ukififia anajitesa kwa pesa yake.

Projesteroni wanayopewa wengine baada ya yai kutoka, ya kumeza au ya ukeni, inaweza kuishikilia hedhi hata kama hakuna mimba, na inaleta matiti kuuma na usingizi. Dalili hizo hazikuambii kitu. Ya ukeni huacha uchafu mweupe, na pengine tone la damu kwa kukwaruza shingo ya kizazi. Usiiache kwa sababu umeona tone. Pima siku uliyopangiwa. Ikiwa hasi na umeambiwa uache, damu huja kati ya siku 2 na 7.

Usingoje miadi ukiona mambo haya: macho kuona ukungu au vimulimuli, tumbo kuvimba na uzito kupanda kilo moja kwa siku, mkojo kupungua, pumzi kubana, maumivu makali ya upande mmoja au ya bega, au damu inayojaza pedi kila saa. Nenda siku hiyohiyo.

Na hili la dozi. Kama yai linatoka kwa miligramu 50, kupanda hadi 100 hakukupi nafasi zaidi, kunakupa joto la usoni na hatari ya mapacha. Dozi hupandishwa kwa asiyetoa yai. Mizunguko 6 ya klomifeni ndiyo mwisho kwa wengi, na kabla ya kufika huko, mbegu za mume ziwe zimepimwa. Inaudhi kuona mwanamke amemaliza mizunguko minne na mwanamume hajatoa hata sampuli. Akae bila tendo siku 2 hadi 7, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili.