Shangazi wa Safari: Kuvuka Pirenei ukitokea Dodoma

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 52, naishi Nkuhungu. Mwakani mwezi wa tano, mimi na mdogo wangu tunakwenda kutembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile ya mahujaji inayokwenda hadi Santiago de Compostela, Hispania, na tumepania kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa. Tumeambiwa siku ya kwanza ndiyo inayowatoa watu machozi: kilomita 25 za kuvuka milima ya Pirenei, na huko juu pumzi inakata. Magoti yangu si ya msichana tena. Jirani ananishauri nipande kwanza Kilimanjaro nizoee hewa nyepesi. Nimsikilize?

Marahaba, mwalimu. Jirani yako anakutakia mema, lakini fedha hiyo ya Kilimanjaro nunulia viatu. Hewa haitakusumbua. Dodoma unayolala kila siku iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Saint-Jean iko mita 170 hivi. Roncesvalles, mtakakolala baada ya kuingia Hispania, iko kama mita 950, yaani chini kuliko Nkuhungu. Sehemu ya juu kabisa ya siku hiyo, Col de Lepoeder, ni kama mita 1,430, kwa hiyo umepazidi nyumbani kwako kwa mita 300 tu. Aogope mtu wa Tanga. Wewe mapafu yako yamezaliwa mlimani bila kujua.

Cha kuogopa ni miguu na hali ya hewa. Kwa siku moja unapanda zaidi ya mita 1,200, na sehemu kali kuliko zote inakuja mapema, ungali na usingizi. Kutoka mjini hadi Orisson ni kilomita kama 8 za kupanda mfululizo, nyingi zake lami nyembamba inayopita kwenye mashamba. Hapo ndipo wengi hujiuliza nani aliwatuma. Baada ya Orisson mwinuko unalegea. Mtaingia kwenye malisho ya wazi: kondoo, farasi wenye kengele shingoni, na tumbusi wakubwa wanaozunguka juu kana kwamba wanahesabu mahujaji. Pale kwenye sanamu ya Bikira Maria juu ya mwamba watu hupumzika na kula. Mbele zaidi mtaona msalaba uliofungwa vitambaa na rozari. Hapo acheni lami na mshike njia ya majani inayokata kulia. Kwenye ukungu mtu anaweza kuipita kona hiyo akaendelea na barabara kama kipofu, kwa hiyo iwekeni kichwani. Upande wa Ufaransa fuateni alama za rangi nyekundu na nyeupe. Mishale ya njano mnayoiona kwenye picha za watu mtaizoea zaidi mkishaingia Hispania.

Sasa ushauri wangu kwa magoti ya miaka 52: msiifanye siku moja. Laleni Orisson. Kuna nyumba ya wageni hapo, vitanda vichache, na mwezi wa tano hujaa, basi wekeni nafasi miezi kadhaa kabla. Siku ya kwanza mtakuwa mmetembea kilomita 8, ya pili 17. Kuna watakaosema mmedanganya. Waacheni. Wengi wa hao ndio utawakuta baada ya siku tatu wamekaa ukingoni mwa barabara, viatu pembeni, wanatumbua malengelenge. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, na mguu uliochubuka siku ya kwanza hauna siku ya kupona kwenye safari ya karibu kilomita 780.

Mteremko ndio usiosimuliwa. Kutoka Lepoeder mnashuka karibu mita 500 ndani ya kilomita 4 hivi, wakati mapaja yameshachoka. Pale juu njia inagawanyika. Moja inatumbukia moja kwa moja kwenye msitu, fupi, kali, na majani yaliyooza yanayoteleza mvua ikinyesha. Nyingine inakwenda kulia kupitia Ibañeta, ndefu kidogo, ya taratibu. Shikeni ya kulia hata kama jua linawaka. Na nendeni na fimbo mbili kila mmoja, zile za kukunja. Mgogo hatoki na ng'ombe bila fimbo, sioni kwa nini aone haya kuishika Ulaya.

Kuhusu mazoezi: Dodoma si tambarare kama tunavyoisema. Barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) zinapanda na kushuka vya kutosha kwa asubuhi za Jumamosi. Jazeni begi la mgongoni chupa za maji, mwanzo mbili, mwisho zifike uzito mtakaobeba kweli, na uzito huo usizidi sehemu moja ya kumi ya mwili wako. Mkipata wikiendi, nendeni Mpwapwa mkapande milima ya Kiboriani pamoja na mwenyeji anayezijua njia. Wengi hupanda kwa bidii kisha wanashuka na bodaboda. Nyie shukeni kwa miguu, polepole, goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kushuka ndiko kunakofundisha paja kubeba mwili.

Viatu: nimeona kwenye soko la Sabasaba viatu vizuri sana vya mtumba vya kupandia milima, na bei inashawishi. Angalia soli. Ile sehemu ya povu katikati huoza yenyewe kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Ibonyeze kwa kidole gumba, kikunje kiatu kwa nguvu. Ikitoa unga au ufa, kirudishe mezani. Kiatu cha namna hiyo kinaweza kuacha soli nzima mlimani. Chukua saizi inayobakiza nafasi mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba, na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Soksi ziwe za sufu, si pamba. Asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni. Ukisikia joto mahali pamoja mguuni, simama hapo hapo uweke plasta, usisubiri kituo.

Mvua ya huko haina msimu kama yetu. Sisi tukishamaliza mwezi wa nne tunasahau mwavuli uliko. Pirenei inaweza kukupa jua asubuhi, na saa sita mchana upepo, ukungu na mvua ya kulala. Baridi yake si kipupwe chetu kikavu. Inapenya kwenye nguo iliyolowa na kukuondolea nguvu bila kelele. Kwa hiyo koti la mvua la kweli, sweta jepesi lisilo la pamba, kofia na glavu, hata kama ni Mei. Vitu vyote ndani ya begi vifungeni kwenye mifuko ya plastiki. Na kila mmoja achukue khanga moja: taulo, pazia la kitanda cha chini, sketi ya kwenda misani, yote hayo kwa gramu chache.

Kabla ya kutoka Saint-Jean piteni ofisi ya mahujaji iliyoko Rue de la Citadelle. Watawapa kitabu cha mihuri na kuwaambia hali ya hewa ya kesho yake. Wakisema msipande, msipande. Namba ya dharura pande zote mbili za mpaka ni 112. Mpakani kwenyewe hamtakuta askari wala geti, mtavuka bila kujua, lakini pasipoti iwe kifuani. Viza ombeni ubalozi wa Hispania ulioko Dar es Salaam, ingawa mnaanzia Ufaransa, kwa sababu Hispania ndiko mtakakokaa siku nyingi.

Shangazi, nauli ya ndege mwezi wa kumi na moja ni nafuu. Naweza kupita njia hiyo hiyo ya juu? Msomaji, Kongwa.

Hapana. Njia ya juu hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, kwa amri ya serikali ya Navarra. Ukiingia kwa ubishi kisha ukaokolewa kwenye theluji, unaweza kupigwa faini na kudaiwa gharama. Pita njia ya bondeni kupitia Valcarlos. Inafika Roncesvalles ile ile, na kivuko chake cha Ibañeta ni mita 1,057, chini ya Dodoma mjini. Ubaya wake ni kwamba vipande vingine unatembea kando ya barabara ya magari, hivyo vaa kizibao kinachong'aa. Mahujaji wa zamani walipita huko pia, si njia ya wavivu.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni Muislamu wa Kondoa. Napenda sana kutembea, wataniruhusu? Na chakula itakuwaje? Kijana wa Kolo.

Waalaykum salaam, mwanangu. Watakuruhusu bila swali. Wanaotembea njia ile ni wa kila dini na wasio na dini. Roncesvalles kuna misa ya jioni na baraka ya mahujaji. Ukitaka kaa nyuma usikilize, usipotaka nenda kafue soksi.

Chakula ndicho cha kuangalia, kwa sababu mikate mingi ya njiani hutiwa nyama ya nguruwe. Jifunze maneno mawili, "sin cerdo", ndiyo "bila nguruwe", kisha uulize tena kama hakuna "jamón", yaani paja la nguruwe lililokaushwa, maana kuna wauzaji wasioihesabu hiyo kama nyama. Kinachokuokoa ni tortilla: mayai na viazi vilivyokaangwa pamoja, chipsi mayai yetu kabisa, ila nene na inakatwa kama keki. Tena imara, inakaa begini hadi mchana. Mzigo wako wa siku ununue Saint-Jean, kwani baada ya Orisson usitegemee duka. Beba lita mbili za maji na ujaze tena hapo Orisson. Ukifika Roncesvalles, chakula cha jioni cha mahujaji hulipiwa mapema, na mara nyingi samaki yumo. Sema samaki unapolipia, usingoje hadi uketi mezani.