Ndugu wa DNA: wapange kwanza, salamu baadaye

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia wiki hii. Majibu yake ya DNA yametoka, ameletewa orodha ndefu ya ndugu asiowajua, na kichwa kinamuuma. Karibu, dadangu. Orodha yangu niliipanga mwenyewe hapa Kibokoni, huku ami yangu akinisema kila Ijumaa kwamba nafukua makaburi.

Nilifuata njia ya Dana Leeds, Mmarekani aliyeieleza mwaka 2018. Chukua watu wenye sentimogani (kipimo cha DNA mnayoshiriki) kati ya 400 na 90 nawe, wengi wao binamu wa pili na wa tatu. Wa juu ya hapo waache, maana huenda wakagusa pande mbili. Mpe wa kwanza rangi, kisha tazama ni nani wengine mnaolingana nao wewe na yeye, nao uwape rangi hiyohiyo. Aliyebaki bila rangi, mwanzishie yake. Ukijaliwa utapata rangi nne: babu na nyanya zako.

Ila hapa ni Mombasa! Kwa baba sisi ni Washihiri, Waarabu wa asili ya Hadhramaut, na mtoto wa ami kuoa mtoto wa ami kwetu ni jambo la jadi. Rangi mbili zikaingiana, sikujua wapi moja inaishia. Mtu wa sentimogani 110 anaweza kuwa ndugu wa mbali aliyekufikia kwa njia tatu. Basi usitazame jumla pekee, tazama na kipande cha DNA kirefu kuliko vyote mnachoshiriki. Vipande vingi vifupivifupi ni dalili ya ndoa za ndani.

Rangi moja ilijitenga kabisa: ya nyanya mzaa mama. Watu wake walitoka Frere Town, Kisauni, kijiji walichokianzisha wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Nyumbani hilo lilisemwa kwa kunong'ona, na harusini nyanya alikalishwa nyuma. Niliposhuka hadi sentimogani 38, katika rangi hiyohiyo nikampata mama mmoja aliyeko Uingereza, wazazi wake wa Malawi: dalili ya walikotekwa watu wa nyanya. Ami akanyamaza. Nyinyi mnaojigamba kwa nasaba ya upande mmoja, pimeni tuone.

Dadangu, usimwandikie mtu kabla hujajua yuko rangi gani. La kwanza atakalokuuliza ni: wewe ni wa kwa nani?