Usibandue stempu za marehemu kabla ya mnada

Ndugu, pole kwa kufiwa na mzee. Umeuliza kama uzibandue stempu zake kwenye bahasha na kuzisafisha kabla ya kuzipeleka mnadani. Usithubutu! Bahasha yenye stempu na muhuri wa posta unaosomeka tarehe mara nyingi ina thamani zaidi kuliko stempu yenyewe ikiwa peke yake. Hata zile ambazo hazijatumika, ukizilowesha gundi ya nyuma inaondoka, na bei inaondoka nayo.

Usidanganywe na umri wa stempu pia. Penny Black ya Uingereza ya 1840 ndiyo stempu ya kwanza ya kubandika duniani, lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68, hivyo si adimu kama watu wanavyodhani. Haina meno, yaani vitobo vya kuchania kingoni; zilikatwa kwa mkasi. Chukua lenzi uangalie: yenye kingo nyeupe pande zote nne inaiacha mbali kwa bei ile ambayo mkasi umekula mchoro.

Kuhusu mnada, soma masharti kwanza. Dalali hukata kamisheni kwako, na mnunuzi naye huongezewa asilimia juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho dalali anapogonga nyundo, kwa hiyo anayepandisha dau huwa ameshaipigia hesabu. Weka bei ambayo chini yake huuzi, ila isiwe ya ndotoni, maana fungu la stempu lisilouzwa linaweza kukugharimu. Hata stempu maarufu hushuka bei: ile ya senti moja ya British Guiana (koloni ambalo leo ni nchi ya Guyana) iliuzwa 2014 kwa takriban dola milioni 9.5, ikarudi mnadani 2021 ikapata milioni 8.3.